Edelvaisi yangu inaoza katikati, nakosea wapi?

MchePekee:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa haraka. Nilipanda edelvaisi, lile ua jeupe la manyoya la milima ya Alpi, miche mitatu, miwili imeshakufa umebaki mmoja. Sijaunyima kitu jamani, udongo mweusi wenye samadi iliyoiva, maji kila jioni, na kisahani chini ya chungu ili maji yasipotee. Sasa majani yamerefuka yamekuwa ya kijani tupu, yale manyoya karibu yameisha, halafu jana nimeshika jani moja pale katikati likang'oka lenyewe, chini kote jeusi linateleza na linanuka. Usiku baridi imekuwa kali sana, ndo imeniulia hii miche?

Kokoto2:
Pole sana mkuu. Baridi haihusiki, kama umeuingiza ndani urudishe nje. Kwao huu mmea unaota mita 1,800 mpaka 3,000 hivi, kwenye nyufa za miamba ya chokaa, na miezi yote ya baridi umelala chini ya theluji na hauna shida. Theluji inaufunika kama blanketi, ikiyeyuka maji yanateremka kwenye mawe yanaenda zake. Kinachoua ni maji kusimama pale shingoni, majani yanapokutana na mizizi. Hicho kisahani kitoe leo leo. Kisha ung'oe taratibu, kata kila kilicho cheusi kwa kisu kisafi, upande upya kwenye sehemu moja ya udongo wa kawaida na sehemu mbili za kokoto ndogo na mchanga wa chembe kubwa. Juu kabisa zungushia shingo kokoto tupu kama sentimita 2, majani yasilale kwenye udongo wenye unyevu. Maji mpaka udongo wa juu ukauke, na mwagia pembeni, sio juu ya majani.

JuaLaKutwa:
Naongezea hapo kwenye samadi, maana naona ndo imeharibu zaidi. Yale manyoya ndo nguo yake, yanaukinga na jua kali la juu mlimani na upepo unaokausha. Ukiulisha sana na kuuweka kivulini unakua haraka, unakuwa mlaini, manyoya yanapungua, na shina laini ndo linaoza upesi. Uache na njaa kidogo, mbolea usitie kabisa, na uupe jua angalau masaa 6. Na ukija kuchanua usishangae, zile nyeupe zinazofanana na petali ni majani, maua yenyewe ni vile vidude vya njano katikati. Mimi kila mwaka huwa nainama kuviangalia kwa karibu, ni vizuri mno.

MbeguVumbi:
Mkuu hata ukipona huo mmoja anza na mbegu sasa hivi, edelvaisi haiishi miaka mingi, yangu ikifika mitatu minne inachoka. Mbegu ni ndogo kama vumbi, zinyunyizie juu ya mchanga uliolowa kidogo wala usizifukie, zinataka mwanga. Mimi naziweka kwanza friji wiki 3 au 4 ndo nazitoa.

Kokoto2:
Mbegu mbichi za msimu huu huwa zinaota hata bila friji. Za zamani ndo sawa, zilaze.

MbeguVumbi:
Kweli, ila mtu akinunua pakiti hajui zimekaa muda gani, friji haimpunguzii kitu.

MchePekee:
Asanteni sana, nimeung'oa jioni hii. Mizizi ya upande mmoja imekwisha kabisa ila upande wa pili ipo myeupe na migumu, na kuna vichipukizi viwili vidogo vimevaa manyoya. Nimekata kama mlivyosema nikaupanda kwenye kokoto. Je, nimwagie leo au nisubiri?

Kokoto2:
Subiri siku mbili tatu vidonda vikauke kwanza. Hivyo vichipukizi viwili vyenye manyoya ndo mmea wako sasa.