GPS gani ya kuwindia karibu na mpaka wa ranchi ya mtu? (Montana, Marekani)

MtotoWaSongea
Wakuu habari za huku baridini. Niko Missoula mwaka wa nne sasa, leseni ya kuwinda ninayo, kozi nimemaliza, bunduki ipo, kinachonisumbua ni mipaka tu. Sehemu ninayoenda ni ardhi ya serikali lakini imebanwa na ranchi ya mtu pande tatu, na uzio wenyewe ukifika msituni unapotea, mara seng'enge imelala chini mara haipo kabisa. Jumapili nilienda kukagua njia kabla msimu haujafunguliwa, jamaa wa kazini kaniazima GPS yake ya zamani, nikachukua namba za kona ya kiwanja kwenye ramani ya mtandaoni nikaziingiza kwa mkono. Basi ile pini ikanipeleka kama mita 70 ndani ya malisho ya yule bwana, ng'ombe wananiangalia tu! Namba zilezile kwenye simu zinaangukia pale pale kwenye nguzo ya kona. Sasa nimwamini nani? Bajeti dola 300. Nichukue GPS mpya ya Garmin au nibaki na simu niilipie programu ya mipaka? Sitaki kesi mimi, nchi ya watu hii.

MkenyaBaridini
Buda simu inatosha, wacha kuchoma doo. Kuna programu ya mipaka inaitwa onX, yenyewe ilianzia hapo kwenu Missoula 2009, inakuonyesha mpaka na jina la mwenye shamba, ardhi ya serikali ina rangi yake, we unataka nini ingine. Kitu watu husahau ni kudaunilodi ramani wakiwa bado nyumbani kwa waifai, juu huko mlimani netiweki ni hadithi, lakini GPS ya simu haitaki netiweki, hiyo inaongea na satelaiti. Zima data kabisa, simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili coz baridi inakula betri vibaya, yangu ilikuwa asilimia 60 nikaitoa nipige picha ikazima papo hapo. Sisi Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 so hii mambo yote nimejifunzia huku, mzee wangu akiskia nimeua mnyama wa porini ataita kikao.

FiziBoise
Ndugu yangu wa Kenya umejijibu mwenyewe, simu imezima kwa asilimia 60 halafu unasema inatosha? Mimi nawinda Idaho, simu naitumia lakini mfukoni kuna Garmin eTrex 22x, inakula betri mbili ndogo za kawaida, saa kama 25, naweka zile za lithiamu maana za alkalini zikipata baridi zinakufa haraka. Ina vitufe, glavu huvui. Na iko na tundu la memori kadi kwa hiyo ramani ya viwanja inaingia. Angalia usinunue eTrex SE kwa sababu ya bei, ile haina ramani kabisa, inakupa mshale na namba, kwa kazi ya mipaka haikusaidii.

Lakini kaka hata ukiwa na kifaa cha dola elfu, mnyama hasomi ramani. Mwaka juzi nilimpiga kulungu, hawa wa mkia mweupe, upande wa serikali safi kabisa, akakimbia kidogo akaenda kuangukia ng'ambo ya uzio. Nikaacha bunduki kwenye gari nikaenda kugonga mlango. Mzee alinisikiliza, akacheka Kiingereza changu, akaja na pikapu yake tukamvuta pamoja. Ningeruka uzio kimyakimya angeniona na bunduki begani, na mimi rangi yangu hii, hiyo ingekuwa habari ingine.

MpimajiMstaafu
Kijana wa Songea, nimepima viwanja Tanzania miaka mingi kabla ya kuja kwa wanangu huku, ngoja nikwambie. GPS ya rafiki yako haijaharibika. Fungua setingi, tafuta palipoandikwa datum, yaani msingi ambao namba za ramani zinahesabiwa kutoka hapo. Nahisi utakuta NAD27, ule mfumo wa ramani za zamani za karatasi za Marekani. Namba ulizochukua mtandaoni ni za WGS84, mfumo ambao GPS zinautumia, ukiziingiza kwenye kifaa kilichowekwa NAD27 kwa pande zenu huko pointi inahama makumi ya mita. Nyumbani tulikuwa na mfumo wetu wa zamani, Arc 1960, vijana wakichanganya na WGS84 bikoni, ile alama ya kona ya kiwanja, inahamia kwa jirani, ugomvi mpaka kwa mkuu wa wilaya.

Sasa kifaa. Simu ya kawaida penye anga wazi inakosea kama mita 5, chini ya miti na kwenye korongo inazidi maana mawimbi yanagonga mwamba ndipo yakufikie. Zile zinazopokea masafa mawili ya satelaiti zinavumilia zaidi, Garmin GPSMAP 65s ni hivyo, hata iPhone kuanzia 14 Pro. 65s inaweza kukuzidi bajeti kidogo, tafuta iliyotumika. Ila mstari unaouona kwenye skrini haukuchorwa na mpimaji aliyesimama pale! Nyingi zinatoka ramani za kodi za kaunti, sehemu nyingine mstari umekaa sawa, sehemu nyingine umepotoka kuliko kosa la GPS yenyewe. Mpaka ni ile bikoni ya chuma iliyoko ardhini. Kwa hiyo mimi ningekaa mita 50 ndani ya ardhi ya serikali na kuweka alamu ya ukaribu kwenye pointi za mpaka, Garmin zinayo hiyo, inalia ukisogea. Na Montana hawajali kama kuna kibao au rangi ya chungwa kwenye nguzo, kuwinda kwenye ardhi binafsi lazima mwenyewe akuruhusu.

MtotoWaSongea
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Na kona je? Mbele kuna viwanja viwili vya serikali vinagusana kona tu kama vyumba vya draft, naweza kuruka kutoka kimoja kwenda kingine bila kukanyaga kwa mtu?

MpimajiMstaafu
Marahaba. Usiruke. Wyoming 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walivuka kona kwa ngazi wasikanyage ranchi. Baraza la mahakama likawaachia 2022, bado mwenye ranchi akaendelea kuwadai mamilioni kwenye kesi ya madai, na mojawapo ya mabishano ilikuwa pointi waliyoweka wenyewe kwenye programu ya simu. Machi 2025 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi, ila hukumu ile inahusu majimbo sita na Montana haimo, wako chini ya mahakama nyingine. Maofisa wa wanyamapori wa Montana wanasema bado hairuhusiwi.

MkenyaBaridini
Wueh. Kwa hivyo hata pini unazoweka zinaweza kukushtaki. Naenda kufuta zangu 😂

MtotoWaSongea
Wakuu nimerudi. Nimefungua ile GPS ya jamaa jioni hii, NAD27 kama mzee alivyosema. Nimebadilisha, nimeingiza namba upya, sasa inakubaliana na simu. Jamaa namwambia anasema amewinda nayo miaka kumi na moja karibu na ranchi hiyo hiyo. Amenyamaza kidogo halafu akaniuliza kama naweza kumwekea na ile ya shemeji yake.