Naomba, hofu inaondoka, kisha inarudi. Je, nimekosa imani?

Usukani41 ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni dereva wa lori, umri wangu miaka 41, na kazi hii nimeifanya miaka 14, Dar hadi Tunduma na mara nyingine navuka kwenda Zambia. Nina mke na watoto watatu, tunasali Moravian hapa Mbeya.

Mwaka juzi mwezi wa nane nilikuwa nateremka mlima Kitonga na mzigo wa shaba. Lori lililokuwa mbele yangu likafeli breki kwenye kona. Dereva wake tulikuwa tumekunywa chai pamoja Ilula, haijapita hata saa nzima. Mengine sitayaandika.

Tangu siku hiyo, nikiziacha tu zile meza za nyanya za Ilula, moyo unaanza kwenda mbio. Viganja vinalowa, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana mpaka naona nakufa. Mara ya kwanza nilisimama pembeni, utingo akawa ananipepea na kofia. Nilienda hospitali wakapima moyo, wakasema hauna tatizo. Daktari akanieleza kuwa hii ni hofu iliyobaki mwilini, akanipa dawa za kumeza kila siku na tarehe ya kurudi kuzungumza na mshauri.

Kuomba naomba. Nikisimama Ilula nikaomba, hofu inatulia, nateremka, nafika Ruaha Mbuyuni nashukuru. Safari inayofuata imerudi ileile. Sasa kuna kikundi cha maombi nilialikwa, kiongozi wao akaniambia mwenye imani huomba jambo mara moja na kuliacha, kulirudiarudia ni mashaka, na kumeza dawa ni kumwambia Mungu hawezi. Dawa nimeziacha, wiki ya pili hii. Usiku silali. Mke wangu hajui.

Naomba mnisaidie. Hofu inayorudi baada ya maombi maana yake nini?

Sekenke_Kushuka amejibu:

Pole sana kaka. Yangu mimi ilinipata mlima Sekenke, mzigo wa pamba, kwa hiyo nakuelewa bila kuniongezea neno. Maandiko nawaachia wanaoyajua. Ninachokuomba, usiteremshe Kitonga ukiwa hulali. Mwambie bosi wako ukweli hata kama unaogopa kupoteza gari. Mimi nilimwambia wangu huku natetemeka, akanitafutia mwenzangu wa kushikana naye zamu miezi miwili. Barabarani hauko peke yako, kuna mabasi yana watu.

Mwinjilisti_Mstaafu amejibu:

Mwanangu, amani ya Bwana iwe nawe. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, nikainuka nikatembea uani kwanza kabla ya kukujibu.

Hilo uliloambiwa, kwamba kurudia ombi ni mashaka, linaniuma sana. Fungua Mathayo 26. Bwana wetu Gethsemane aliomba, akarudi kwa wanafunzi, akaenda tena, na mara ya tatu akaomba "akisema maneno yale yale". Huyo ni Mwana wa Mungu. Fungua 2 Wakorintho 12, Paulo anasema alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, na mwiba haukuondolewa, aliahidiwa neema. Kisha soma Zaburi ya 42 na ya 43 kwa mfululizo. "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?" Swali hilo limo mara tatu, 42:5, 42:11 na 43:5. Mtu yule alijiambia amtumaini Mungu, baada ya mistari michache akainama tena, akajiambia tena. Hakuna aliyemfuta kwenye Biblia kwa sababu hiyo.

Nitakueleza langu. Mwaka 1994 tulimzika binti yetu wa miaka sita, malaria. Baada ya hapo kila nilipoitwa kuongoza mazishi ya mtoto, magoti yaligongana ndani ya kanzu na sauti ikakauka. Nilificha karibu mwaka mzima, maana mwinjilisti anategemewa awatie wengine moyo. Nilikuwa naomba kwa ukali, naikemea hofu kwa sauti kubwa, wala haikusogea. Usiku mmoja nilichoka kukemea. Nikasema tu: Bwana, naogopa jeneza dogo. Nikalia mpaka mke wangu akaamka, akakaa karibu yangu, na yeye akalia. Tulikuwa hatujalia pamoja tangu siku ya mazishi.

Hofu haikuisha usiku ule. Ilipungua polepole, nadhani ilichukua miaka mitatu, na hadi leo nikiona jeneza dogo viganja vinalowa. Ibada naongoza hivyohivyo.

Sasa katika yote uliyoandika, mwanangu, sijaona mahali uliposema ulimlilia yule mwenzako. Umesema "mengine sitayaandika", nami sikulazimishi uyaandike hapa. Lakini Mungu mwambie. Mtajie kona, mtajie breki, mtajie chai mliyokunywa. Wafilipi 4:6 inasema "haja zenu na zijulikane na Mungu", na aliyeandika hayo alikuwa kifungoni. Anaposema "msijisumbue" simsikii akigomba. Nasikia mtu anayejua vizuri usiku mrefu ulivyo.

Na dawa, rudi kwa daktari wako. Paulo alitembea na Luka, naye anamwita "tabibu mpendwa" katika Wakolosai 4:14. Eliya alipokata tamaa chini ya mti akaomba afe, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mkeo mwambie leo, usingoje kesho.

Muuguzi_wa_Zamu amejibu:

Kaka, naongeza machache ya upande wangu. Dawa nyingi za hofu huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta usingizi mbovu na wasiwasi zaidi. Huenda hiyo ni sehemu ya unayoyaona sasa. Usizirudie kwa kubahatisha, mpigie daktari, na umwambie waziwazi kuwa wewe ni dereva wa magari makubwa, kwa kuwa baadhi ya dawa zinaleta usingizi.

Hali ikikushika, toa pumzi taratibu, itoke ndefu kuliko ulivyoivuta. Mimi mwenyewe wodini navuta na "Bwana ndiye mchungaji wangu" natoa na "sitapungukiwa na kitu". Mwili unatulia, na Neno linakuwa limekaa mdomoni. Ukianza kuwaza kufa, usikae nalo peke yako, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usukani41 ameandika tena:

Shikamoo mzee. Ahsanteni wote, na wewe dada wa zamu, na kaka wa Sekenke.

Mke wangu nilimwambia usiku uleule. Alikuwa ameshaiona pakiti ya dawa kwenye begi, alikuwa anangoja niseme. Tulisoma Zaburi 42 na 43 kwa taa ya simu, umeme ulikatika. Daktari nilimwona juzi, amenibadilishia dawa na amenikataza kuendesha kwanza. Bosi amekubali, mwenzangu atashika usukani.

Mzee, ulichouliza ni kweli. Sikumlilia. Sikwenda hata kwenye mazishi, nilipokea mzigo mwingine siku ya pili yake. Jana nilimpigia mjane wake. Nilidhani ataniuliza kwa nini sikutokea. Aliniuliza tu kama siku hiyo mumewe alikula. Nikamwambia alikunywa chai na chapati mbili, na alicheka.

Alhamisi tunateremka mchana, mimi nikiwa kiti cha pembeni. Niombeeni saa hiyo.