Raba mpya ya mlango, gari la zamani: mlango haufungi

Swali: Wakuu, raba niliyobandika inafanana na ya asili, ila mlango haufungi mpaka niubamize. Nirekebishe bawaba?

Jibu: Bawaba usiziguse kwanza. Raba hiyo ni nene au ngumu mno. Kata kipande cha ile ya zamani mahali ambapo haijabonyea, ulinganishe umbo la mkato. Tafuta ya sponji yenye tundu katikati.

Jibu: Na kwenye kona usiivute! Ikivutwa hunywea baadaye, maji yakapita hapo hapo. Isukume, acha ziada ya sentimita 1, kiungo (ncha mbili zinapokutana) kikae chini ya mlango. Gundi ya zamani itoe yote kwa spiriti. Kisha fungia karatasi mlangoni: ikichomoka bila kukwama, pana pengo.

Muulizaji: Kumbe niliivuta. Naibandua.