Haidrojeni ya kijani badala ya gridi ya taifa? Mi nakataa, tujadili

Wakuu habari za usiku. Kuna hoja imetusumbua kijiweni kwetu Tabata wiki nzima, imeletwa na kijana mmoja ambaye namheshimu, anasoma na anafuatilia mambo, kwa hiyo sitaki kumjibu juu juu. Anasema hivi: Serikali iache kumwaga hela kwenye nguzo na nyaya, ijenge mtandao wa mabomba ya haidrojeni ya kijani (gesi inayotolewa kwenye maji kwa umeme usiotokana na mafuta wala gesi), kila halmashauri iwe na mtambo wake, mabomba yawe mali ya umma asilimia mia, afu kila nyumba ipate umeme wake kutokana na hiyo gesi. Sababu yake kubwa ni kwamba gridi imeshaliwa na mikataba, bora tuanze upya na kitu ambacho hakijashikwa na mtu.

Hasira yake naielewa na naiunga mkono. Ila haidrojeni haiwezi kukaa badala ya gridi, kwa sababu hiyo haidrojeni ya kijani yenyewe inatengenezwa kwa umeme, na inakula umeme kwelikweli.

Jumapili mwanangu wa form three alikuwa na zoezi la kemia, tukalifanya barazani. Bakuli la maji, magadi kidogo yale ya kuchemshia maharage, betri ndogo ya mraba ya volti 9, nyaya mbili na penseli mbili zilizochongwa huku na huku mpaka ule mkaa wa ndani ukatokeza. Ukiunganisha tu mapovu yanaanza, upande wa hasi yanatoka mengi karibu mara mbili ya upande wa pili, hayo mengi ndo haidrojeni na hayo machache ni oksijeni. Nikamwambia chomoa waya mmoja. Mapovu yakakata palepale, maji yakatulia. Nilitamani yule kijana wa kijiweni angekuwepo, maana hoja yote iko kwenye lile bakuli: bila betri hakuna kitu.

Sasa tupige hesabu. Kupata kilo moja ya haidrojeni kwa mitambo ya sasa unahitaji karibu unit 50 mpaka 55 za umeme. Ukiirudisha hiyo kilo kuwa umeme nyumbani kwa mtambo mzuri unapata unit 17 mpaka 20 hivi, na hapo bado hujahesabu umeme wa kuikandamiza iingie kwenye bomba au mtungi. Yaani mtu unaingiza unit 50 kwenye LUKU, unaziona zimeandikwa pale kwenye kioo, afu ukiwasha taa unakuta 20. Nani atakubali? Na hao watu wa ile tarifu ya shilingi 100 kwa unit, wasiozidi unit 75 kwa mwezi, mama anayewasha taa tatu na feni, ndo watakaoumia wa kwanza. Maji nayo, kila kilo inakula lita 9 kwa uchache, na yawe yamesafishwa hasa, sio ya kisima cha chumvi cha huku kwetu.

Kijana akasema basi halmashauri ziweke sola. Sawa kabisa, weka sola, ila ukishakuwa na umeme wa sola kwanini uupitishe kwenye maji upoteze zaidi ya nusu wakati waya ungeufikisha kwa jirani ukiwa karibu wote? Usiku unahitaji akiba, ni kweli, lakini kwa akiba ya usiku mmoja betri inarudisha sehemu kubwa sana ya ulichoweka kuliko haidrojeni.

Halafu mabomba. Watu wanadhani tutachukua bomba la gesi lililopo tubadilishe kilichomo ndani. Haidrojeni ni chembe ndogo mno, inapenya kwenye maungio, inaweza kufanya baadhi ya vyuma viwe kama kigae vipasuke, na kwa ujazo uleule na mgandamizo uleule inabeba kama theluthi tu ya nguvu ya gesi asilia. Haina harufu, na moto wake mchana huuoni vizuri. Ujerumani ni kweli Oktoba 2024 waliidhinisha mtandao wa kilomita 9,040, sehemu kubwa ni mabomba ya gesi ya zamani yanayobadilishwa, ila walengwa wakubwa ni viwanda vya chuma na kemikali na mitambo mikubwa ya umeme, na gridi yao hawajaing'oa, wanaiongeza. Uingereza walitaka kujaribu kuipeleka majumbani kwenye kitongoji cha Whitby pale Ellesmere Port, wakazi wakagoma, jaribio likafutwa 2023. Na hao ni watu ambao tayari wana bomba la gesi mpaka jikoni! Sisi Dar nyumba zenye gesi ya bomba ni chache mno ukilinganisha na mji, wengi wetu ni mtungi na mkaa.

Hapa kwenye umiliki ndo nataka tukae kidogo, maana ndo roho ya hoja yake. TANESCO ni ya umma tayari. Serikali ilianza kununua hisa 1964. Umiliki wa umma haukuzuia mkataba wa 1995 na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ule wa kulipia mtambo wa Tegeta hata siku ambazo haujawaka. Haukuzuia menejimenti kukabidhiwa kampuni ya NetGroup ya Afrika Kusini 2002 mpaka 2006, wala mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond mwaka huohuo wa 2006, mpaka Waziri Mkuu akajiuzulu Februari 2008. Kote huko nyaya zilikuwa zetu, tatizo lilikuwa mikataba iliyosainiwa tusiione. Na bomba halina kinga ya hilo. Bomba la gesi la Mtwara mpaka Dar ni la umma, lilizinduliwa 2015, lakini 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani, watu wakafa, kwa sababu walikuwa wanauliza sisi tunapata nini gesi ikiondoka. Mtu akiniambia bomba la umma litamaliza dhuluma kwa kuwa ni bomba, nitamwambia aende Mtwara akawaulize wazee wa kule.

Sijasema haidrojeni haina kazi. Ina kazi na naitaka, ila kwenye mbolea. Amonia, ile malighafi ya mbolea, inatokana na haidrojeni na naitrojeni ya hewani, na sisi mbolea nyingi tunaagiza nje, mkulima wa Mbeya na Songea anaumia dola ikipanda. Na Afrika hili sio jipya. Misri pale Aswan walianza 1960 kutengeneza mbolea kwa umeme wa maji ya Nile, baadaye sana ndo wakahamia gesi asilia. Zimbabwe kiwanda cha Kwekwe kilifanya hivyohivyo kwa umeme wa gridi miaka na miaka, mpaka 2015 ule mtambo ukafungwa, umeme ulikuwa umeadimika na bei haishikiki.

Sisi tuna bwawa la Nyerere Rufiji, mitambo 9, megawati 2,115. Machi 2024 mvua zilipojaa ilibidi vituo vingine vizimwe kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Umeme kama huo ungeenda kwenye mtambo wa haidrojeni ya mbolea, mtambo wa umma, na mkataba wake ubandikwe hadharani kabla ya kusainiwa, hapo mimi na huyo kijana tuko pamoja kabisa. Lakini utafikaje kwenye huo mtambo? Kwa nyaya.

Kwa hiyo nauliza, hasa nyie mliofanya kazi viwandani au kwenye gesi: mtambo wa namna hiyo ukiwaka miezi ya masika tu unaweza kujilipa, au lazima uwake mwaka mzima? Na unit iuzwe shilingi ngapi ili mfuko wa mbolea usizidi bei ya ule wa kutoka nje? Maana Kwekwe walikwama hapohapo, kwenye bei ya unit.