Ushauri: nimealikwa mlima wa theluji Jumamosi, niende?

Mtoto wa Ngamiani: Wakuu, shikamooni, wengine mambo. Niko Denver, Colorado. Jamaa wa kazini wamenialika Jumamosi tukatembee na viatu vya theluji Berthoud Pass, porini kabisa. Mimi mtu wa Tanga, theluji naiogopa. Nivae nini?

Kibonge Mwepesi: Usivae pamba, ikilowa imekwisha hiyo. Mimi Kilimanjaro nilipanda na jinzi, kufika kambi ya Barafu magoti hayakunji. Mpagazi akanicheka hadi akakaa chini.

Mama Wawili: Mwanangu, umefuata riziki huko au kaburi? Mzazi wako anajua?

Baridi Kali: Nguo baadaye. Taarifa ya CAIC, kituo cha Colorado cha maporomoko ya theluji, inasemaje?

Mtoto wa Ngamiani: Kiwango cha hatari ni 3 kati ya 5. Ya katikati tu, mkuu.

Baridi Kali: Hiyo 3 ndiyo inayoua wengi, maana siku ya 5 watu hukaa ndani. Kila mtu ana kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa, fito na koleo?

Mtoto wa Ngamiani: Anacho kiongozi wetu, anapajua pale. Ila wiki iliyopita tukiwa tambarare theluji ikalia "vuuumu", ikadidimia, ufa ukakimbia mbele ya miguu. Akasema inajipanga tu. Na huyo ndiye msimamizi anayepanga zamu, halafu viatu nimeshalipia.

Baridi Kali: Hayo ndiyo ungeanza nayo! Huo mlio ni tabaka dhaifu la chini limevunjika. Theluji ya mwanzo wa msimu huku huwa chache, baridi inaifanya punjepunje kama sukari, nzito ikija juu haina pa kushika. Unaweza kukanyaga tambarare ukaangusha mteremko ulio juu yako. Na kifaa kimoja hakisaidii: akifukiwa yeye, nani atamtafuta na nini? Ukifukiwa wewe, zaidi ya dakika 15 matumaini yanashuka vibaya. Mwambie mpite kwenye miteremko ya chini ya nyuzi 30, na juu yenu pasiwe na mkali.

Ndumilakuwili: Ngoja. Theluji anaiogopa, wiki iliyopita alikuwa juu yake? Tena juzi huyu alikuwa anaulizia kiwanja Kibaha, kasema yuko Mbagala. Hii chai.

Kibonge Mwepesi: Na sukari Baridi Kali kashaleta 😂

Mtoto wa Ngamiani: Kiwanja ni cha dada, anatumia akaunti yangu. Mnisaidie jamani.

Mama Wawili: Kwani Kibaha sehemu gani? Kina hati?

Ndumilakuwili: Weka picha ya huo ufa.

Mtoto wa Ngamiani: Simu ilizima kwa baridi. Msimamizi kaandika sasa hivi, anipitie saa kumi na moja alfajiri. Nimjibuje?

Kibonge Mwepesi: Mwambie una harusi.

Baridi Kali: Muulize vifaa viko vingapi. Akikasirika, jibu umepata.

Mama Wawili: Dada yako aje inbox, kiwanja nakitaka.