Ushauri: Mama amegoma kuendelea na Death in Paradise tangu Inspekta Poole auawe

Binti Chumbageni:

Habari zenu wadau. Jambo langu kwa wengine litaonekana dogo, ila nyumbani kwetu limekuwa zito. Tahadhari kwanza: nitamtaja anayekufa mwanzoni mwa msimu wa tatu. Kama hujafika huko na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa.

Mama yangu amekuja kukaa nami huku Uingereza. Baba alifariki mwaka jana, ndugu tukakubaliana mama abadilishe hewa. Sasa baridi imemfungia ndani, shoga zake wote wako Tanga, na televisheni ya huku haimvutii. Taarifa ya habari inamtia huzuni, mashindano ya mapishi anasema wanachezea chakula. Kitu pekee kilichomkamata ni Death in Paradise, tamthilia ya upelelezi ya BBC. Tulianza mwanzo kabisa, ile sehemu ya mwaka 2011: askari Mwingereza anakutwa amekufa ndani ya chumba kilichofungwa, kisha London wanamtuma Inspekta Richard Poole kisiwani Saint Marie, huko Karibiani, aje kupeleleza.

Poole alimpenda tangu alipomwona ameshuka na suti, tai na mkoba kwenye joto lile. "Huyu kijana hana mtu wa kumwambia avue koti." Kila sehemu alikuwa anasubiri mambo mawili: muuaji ajulikane, na Poole amwambie Camille, askari mwenzake, ya moyoni. Mimi namfasiria pale Kiingereza kinapokwenda mbio, yeye ananitajia muuaji kabla ya inspekta, na mara nyingi anapatia. Nilikuwa namsikia akicheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu msiba.

Tukaingia msimu wa tatu. Poole yuko hotelini na wenzake aliosoma nao chuo kikuu, ameketi kwenye kiti, anakutwa amechomwa na chuma cha kuvunjia barafu. Mama akasema, "Ataamka." Hakuamka. Na kabla sehemu haijaisha, inspekta mpya, Humphrey Goodman, ameshawasili, anajikwaa huku na kule, kesi ameimaliza. Mama akainuka: "Hata tanga halijaanuliwa, kiti kimeshapata mwenyewe." Akaenda kulala, na tangu hapo hataki kabisa.

Kaka yangu anasema niachane nayo, hadithi za mauaji si za mtu aliyefiwa. Mimi naona ilikuwa inamfaa. Naomba ushauri: nimbembeleze tuendelee, niruke misimu hadi kwa inspekta mwingine, au niiache kabisa? Na nyie mliiangalia, sehemu ile mliionaje?

Mwana wa Makadara:

Pole dadangu, na mpe mamako pole zetu kutoka Mombasa.

Mamako hajakosea hata chembe. Tamthilia hii ina mapatano na mtazamaji. Anayekufa hufa mapema, kabla hata ya muziki wa mwanzo, na huwa ni mtu ambaye hatujamzoea. Mara tajiri mwenye jumba lake, mara mgeni wa hoteli. Hatujapata nafasi ya kumpenda, ndiyo maana tunaweza kucheka na wale askari Dwayne na Fidel, tukatazama bahari, na jioni tukakaa nao barazani kwa Catherine, mama yake Camille mwenye baa, bila kuona haya. Kifo pale ni fumbo, si msiba.

Sehemu ile ilituletea msiba kisha ikaushughulikia kwa mwendo ule ule wa fumbo: washukiwa wachache, ubao wa ofisini, kikao cha mwisho cha kumtaja muuaji, na kwa heri. Fumbo lenyewe lilikuwa zuri, hilo silikatai. Lakini saa moja haimtoshi mtu tuliyekuwa naye misimu miwili. Niliudhika mno nilipoitazama, na hadi leo naona wangemrudisha tu London, apate chai yake ya maana, mambo yakaisha.

Nesi wa Zamu:

Mimi siungi mkono hapo, Makadara. Kwangu ile ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote za miaka ya mwanzo. Mtazame Camille. Msichana aliyekuwa akimtania Poole kila siku anabaki anafanya kazi huku macho yamemvimba, na bado anatakiwa kumkaribisha bosi mpya. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na ndivyo ilivyo: mtu amefariki usiku, asubuhi kitanda kina mgonjwa mwingine, na wewe unatakiwa umwambie karibu. Goodman hakuja kufuta jina la mtu. Alikuja kumtafuta aliyemuua, na akampata.

Dada, kuhusu kaka yako. Mfiwa si yai. Mama amecheka kwa kitu hicho, sasa amekasirika kwa kitu hicho hicho, na vyote viwili ni afadhali kuliko kukaa kimya dirishani. Ila usimbembeleze. Muulize kilichomuuma hasa, umsikilize hadi mwisho, hata kama atahama kutoka kwa Poole akaingia kwa marehemu baba yenu. Televisheni itasubiri.

Binti Chumbageni:

Nesi, umenigusa. Baba alikuwa mwalimu mkuu, na mwenzake alikabidhiwa ofisi ndani ya wiki ile ile. Sikuwahi kuviunganisha hivi vitu viwili.

Fundi Saa:

Basi hapo ndipo penye jibu, dada.

Mimi naongeza la kitaalamu kidogo, maana tamthilia hii naifuata tangu inaanza. Ben Miller, aliyecheza Poole, ndiye aliyeomba kuondoka. Kurekodi hufanyika Guadeloupe, miezi mingi kila mwaka mbali na nyumbani, naye alikuwa na familia changa. Mweleze mama kwamba mwenyewe yu hai, alikwenda kulea. Kwa mtu mzima maelezo hayo yanaweza kuonekana ya kitoto, lakini mama yangu mimi yalimsaidia.

La pili, mwambie bila kumficha kwamba hakuna inspekta mwingine anayeuawa. Humphrey anaondoka 2017 kwa ajili ya mapenzi. Jack Mooney anarudi kwao 2020 akiwa salama. Neville Parker, yule wa mizio ya kila kitu, anaondoka 2024 kwa mashua pamoja na Florence, askari mwenzake, na nitashangaa mama asipopiga vigelegele. Kamishna Selwyn Patterson anapigwa risasi katika sehemu ya mia moja, mwaka huo huo wa 2024, lakini anapona. Najua nawaharibia wengine utamu, ila hapa tunamtibu mtu.

Mkaazi wa Lyon:

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Bukavu, nakaa Ufaransa, na huku tunaiangalia France 2 kwa jina la Meurtres au paradis, imetiwa sauti za Kifaransa. Mke wangu aliguswa kama mama huyo.

Shauri langu ni umwonyeshe kisiwa chenyewe. Saint Marie ni ya kubuni, ila mji wa Honoré ni Deshaies, mji mdogo wa pwani ya Guadeloupe, na Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa, wanatumia euro na nyumbani wanasema Kikreoli. Jengo la kituo cha polisi lipo kweli, jirani na kanisa, na wageni wanakwenda kupiga picha mlangoni. Mama wa Tanga akiona minazi ile na mishelisheli, anaweza kurudi kwa ajili ya mahali, si kwa ajili ya inspekta. Mke wangu alirudi kwa njia hiyo. Kwanza akawa anatazama magenge ya matunda na nyumba za mbao, kesi ananiachia mimi.

Bi Rehema wa Pangani:

Salaam aleikum. Mwanangu, mimi nina umri wa mama yako, nami ni mjane, basi nisikilize.

Usimrukishe misimu ukampeleka kwa huyo Jack Mooney kwa sababu tu ni wa kuchekesha. Mooney amefiwa na mkewe, na anafika kisiwani na binti yake. Mimi nilimpenda sana, kwa sababu haoni haya kumtaja marehemu wake, tena anamtaja huku anatabasamu. Lakini nilikuwa nimeshapita miaka kadhaa. Angenijia mwaka wa kwanza, ningeizima televisheni. Fikeni kwake taratibu, kwa mpangilio wake.

Na huyo kaka yako anayesema mauaji si ya kumwonyesha mfiwa, mwambie hivi: mfiwa anaishi na swali lisilo na jibu. Kwa nini yeye, kwa nini sasa. Katika hadithi hizi kila swali linajibiwa, na anayestahili kukamatwa anakamatwa jua halijazama. Kuna raha yake, na si raha mbaya. Mimi zilinisaidia usiku.

Kijana Mtundu:

Shikamoo Bi Rehema, hapo umesema neno.

Mimi naleta mbinu. Pale nyumbani kwetu tunasimamisha picha pale pale inspekta anapokodoa macho kwa kitu kidogo, glasi au kamba ya kiatu, halafu anasema washukiwa wote wakusanywe. Kila mtu anamtaja wake na kueleza ameingiaje na ametokaje. Atakayekosea anaosha vyombo. Kama bi mkubwa ni mkali wa kupatia kama ulivyosema, mpe changamoto: anayechunguza ni yeye, Goodman ni msaidizi wake tu. Hapo hatamwona kama mtu aliyekuja kurithi kiti.

Swali langu kwa wote: hivi hamchoki na mpangilio ule ule? Mimi nachoka katikati ya msimu.

Mwana wa Makadara:

Kijana, mpangilio ndio mto wa kulalia. Ukiubadilisha hatulali. Kinachonichosha mimi ni kwamba kwa miaka mingi aliyeona jibu alikuwa lazima awe Mzungu aliyeshushwa na ndege jana, huku Dwayne anajua kila kichochoro na Florence ana akili kuliko ofisi nzima. Alipokuja Mervin Wilson, anayechezwa na Don Gilet, mwishoni mwa 2024, tulipata inspekta mweusi, ingawa naye ametoka London. Nilifurahi, na bado nasubiri siku atakayetoa hotuba ya mwisho awe mzaliwa wa kisiwa.

Fundi Saa:

Naunga mkono kabisa. Ila tusimwache dada njiani, kuna jambo kubwa nimelisahau. Poole anarudi!

Ni msimu wa kumi, mwaka 2021. Catherine yuko katika hali mbaya, Camille anarejea kutoka Paris kwa ajili ya mama yake, na katika saa yake ngumu anamwona Richard na kuzungumza naye. Si kwamba amefufuka, ni Camille anamwona. Ben Miller mwenyewe alirudi kuigiza. Nililia, sikutegemea. Mambo ambayo hawakuambiana miaka ile, pale yakapata pa kusemwa.

Nesi wa Zamu:

Sikutaka kuwa wa kwanza kulisema hilo, lakini kwa hali hii mama anastahili kujua. Mwambie. Miaka saba ilipita, hawakuwa wamemsahau.

Binti Chumbageni:

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimezungumza na mama jioni hii kwa namna Nesi alivyonielekeza. Alisema mengi kuhusu baba na ile ofisi, mengine sikuwa nayajua, na hayo nitabaki nayo. Kisha nikamwambia kwamba Camille atakuja kumwona Poole tena, miaka mbele. Akanyamaza, akauliza, "Na atamwambia?" Nikamjibu mimi mwenyewe sijaiona.

Amekubali kwa masharti. Tufuate mpangilio, tusiruke hata sehemu moja. Goodman hamwiti inspekta hadi amridhishe. Na sehemu ile ya kifo haitazami tena. Kaka naye amesema Jumapili anakuja, anataka kushindana kumtaja muuaji, kwa hiyo vyombo vitapata wa kuviosha.

Bi Rehema wa Pangani:

Alhamdulillahi. Anzeni sehemu ya pili ya msimu wa tatu. Na ukimwona amesinzia katikati, usimwamshe, irudie kesho yake kutoka mwanzo.