Tupeane uzoefu: riwaya iliyokugusa kwa sababu na wewe ulishauguza

Mleta mada:
Wadau, habari zenu. Nimemaliza Miracle Creek ya Angie Kim na bado sijawa na hamu ya kushika kitabu kingine. Nakileta hapa kwa sababu najua wengi humu mmeuguza mzazi, mtoto au mwenza, na naona kitawafaa nyie kuliko hata wapenzi wa upelelezi.

Kwa kifupi, bila kuwamalizia uhondo. Familia ya Kikorea imehamia kijijini Virginia, Marekani, na kufungua kituo cha tiba ya oksijeni ndani ya banda. Wagonjwa wanaingia kwenye tangi, linafungwa, presha inapandishwa, wanavuta oksijeni tupu. Wanaokuja ni akina mama wenye watoto wa usonji na mtindio wa ubongo, pamoja na daktari mmoja anayehangaika kupata mtoto. Jioni moja moto unawaka, tangi linalipuka. Wanakufa wawili, mmoja wao mtoto wa miaka 8, na mwaka mmoja baadaye anayesimamishwa kizimbani ni mama wa huyo mtoto.

Kesi ni ya siku 4. Kila sura anaishika mhusika mwingine, na karibu kila mmoja ana uongo wake mdogo ambao ungekuwa wewe pengine ungeusema pia. Mwandishi alikuwa wakili, na mwanawe mwenyewe alishapitishwa kwenye tiba hiyo, kwa hiyo hakuna mahali anapobabaisha. Kilitoka 2019, mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Edgar, ile ya Marekani ya hadithi za upelelezi, kwa riwaya ya kwanza.

Tiba hiyo ipo kweli. Inatumika kwa wapiga mbizi waliopanda juu haraka na kwa waliovuta moshi wa sumu. Kwa usonji haijaidhinishwa, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeshaonya. Januari 2025, Troy, Michigan, mtoto wa miaka 5 alifia ndani ya tangi la namna hiyo lilipowaka moto. Lakini mimi siwezi kuwacheka wazazi wa kwenye kitabu. Hospitali ilipotuambia tumrudishe mama nyumbani, tulizunguka naye kwa waganga na kwenye maombi, na kila tulipofika tulilipa. Kaka yangu msomi ndiye aliyekuwa anaendesha gari.

Karibuni, kila mtu na lake.

Mchangiaji wa Tanga:
Ahsante mkuu, umenikumbusha mbali. Mwanangu ana usonji. Kuna sehemu mshtakiwa, siku ya tukio, anamwacha mtoto ndani na wenzake, anakwenda kukaa peke yake kando ya kijito na mvinyo wake. Mwendesha mashtaka anaifanya hiyo kuwa ushahidi: mama gani anastarehe mwanawe yuko kwenye matibabu? Nilifunga kitabu kwanza. Mimi huwa namwambia mama mkwe naenda sokoni, naenda kukaa tu kwenye kibanda cha juisi, narudi na nyanya za kuzugia. Siku mtoto akipatwa na jambo nikiwa pale, nani atanielewa?

Halafu kuna maneno mazito akina mama wale wanaambizana wakidhani hakuna anayesikia, juu ya maisha yangekuwaje bila huyu mtoto. Sijawahi kuyaona yameandikwa kokote. Humu kwetu ukiyasema utaitwa mchawi.

Mchangiaji wa Eldoret:
Kwangu ni tofauti kidogo. Kesi imevutwa sana, huo ushahidi wa simu na sigara unarudiwa hadi mtu anachoka. Ila nilimalizia kwa ajili ya yule baba wa Kikorea, vile anapiga hesabu za bima huku jamaa zake wakililia waliokufa. Wengine walimwona ana roho ya jiwe. Mimi hapana. Mzee wetu akiwa wadi, nilikuwa nakaa kando ya kitanda chake nikihesabu mchango kwenye grupu ya WhatsApp: nani ameahidi, nani ametuma, nani ametoka kwenye grupu. Siku alifariki, kitu cha kwanza niliuliza nesi ni bili. Si huzuni haikuwepo. Mwili haungetoka bila hiyo bili.

Mchangiaji wa Muscat:
Asalaam alaykum. Mimi ni kama yule mama wa Kikorea kwenye kitabu, Young, mke wa huyo baba. Yeye na binti walitangulia Marekani, mume akabaki Korea. Anauza dukani nyuma ya kioo cha kuzuia risasi toka asubuhi hadi usiku wa manane, na binti yake karibu hawaonani. Mimi huku namwogesha bibi wa watu, nampa dawa zake kwa saa, namgeuza asitoke vidonda. Mama yangu Pemba anageuzwa na jirani. Pesa natuma, na jirani namshukuru, lakini sijui kama wanamgeuza usiku.

Mchangiaji wa Dodoma:
Polee da'angu. Jamani, mwishoni ni nani aliyewasha moto?

Mleta mada:
Hapana, hilo halisemwi hapa.

Mchangiaji wa Dodoma:
Basi weka pdf mkuu.

Mleta mada:
Pdf sina. Nina nakala ya karatasi, niko Morogoro, naiazima kwa mtu wa kwanza atakayepita stendi ya Msamvu. Nimepiga mistari ya kalamu kote, mtanisamehe.

Mchangiaji wa Tanga:
Napita Ijumaa na mtoto, tunakwenda kliniki. Nitakutafuta.